Nani Kasema Hakuna Kinachotokea?

Shemeji yangu alipokuja kututembelea Baltimore akitokea Tanga, nilimpeleka uwanja wa Camden Yards Jumapili mchana. Zamu mbili za kwanza alikaa kimya. Ya tatu akatoa simu. Ya nne akanigeukia na kuniuliza, kwa upole wa mgeni asiyetaka kumvunjia heshima mwenyeji wake: "Shemeji, mchezo wenyewe unaanza saa ngapi?"

Sikumcheka, kwa sababu swali hilo nimelisikia kwa sura nyingi tangu nifike nchi hii. Nimelisikia kwa kinyozi, nimelisikia kwenye vikao vya harusi, nimelisikia kwa Wakenya, Watanzania na Wakongomani tunaokutana kwenye misiba na kwenye nyama choma za kiangazi. Besiboli inaboa. Watu wamesimama tu. Mmoja anarusha, mwenzake anakosa, waliobaki wanatafuna mbegu na kutema maganda. Wamarekani wanakwenda uwanjani kula na kunywa, mchezo ni kisingizio. Maneno haya yamerudiwa mpaka yamekuwa kama kitu kilichokwisha kuthibitishwa, na anayeyasema kwa sauti kubwa kuliko wote mara nyingi ni yule ambaye hajawahi kukaa uwanjani mpaka mwisho.

Nami nilikuwa miongoni mwao. Mwaka wangu wa kwanza hapa, kazini walitugawia tiketi za bure, nikaenda, nikaondoka zamu ya tano. Nilikuwa nimekosea, na ninaandika haya kwa sababu ninaona watu ninaowapenda wakikosea vilevile na kukosa kitu kizuri kilicho umbali wa vituo vichache vya treni kutoka nyumbani kwao.

Niseme mapema ninachobishana nacho. Sibishani na ladha. Mtu akiona kila kinachofanyika pale kisha akasema hakimpendezi, hana deni kwangu. Ninachokikataa ni ile hoja kwamba hakuna kinachofanyika. Hiyo ni kauli kuhusu mchezo wenyewe, na si ya kweli.

Wenye hoja hiyo wana namba wanayoishika kama fimbo. Mwaka 2013 gazeti la Wall Street Journal lilipima kwa saa na kukuta kwamba katika mechi ya saa tatu hivi, muda ambao mpira unatembea na watu wanakimbia ni kama dakika 18 tu. Rafiki yangu mmoja, shabiki wa Arsenal tangu enzi za Kanu, hunitupia namba hiyo kila tukikutana. Dakika 18! Saa tatu za maisha yako kwa dakika 18!

Haya, tuichukue namba hiyo na tuipeleke nyumbani. Mgeni apite barazani Zanzibar au Lamu, awakute wazee wawili wameinamia ubao wa mashimo 32 na wengine saba wamesimama juu yao. Ataona nini? Mkono unachota kete, unazigawa shimo kwa shimo, unatua. Kisha kimya. Mzee anakuna kidevu. Mwenzake anatazama pembeni kana kwamba hayamhusu. Kila mmoja ameanza na kete 22 mkononi, na kila kete anayoinamua inafunga njia moja na kufungua nyingine, na wale saba waliosimama wanazijua njia hizo zote, ndiyo maana mmoja wao anaguna kabla mkono haujashuka. Sasa mgeni yule atoe saa yake, apime sekunde ambazo kete zilikuwa zikitembea, kisha aandike gazetini kwamba bao ni mchezo wa dakika nne na waliobaki wanapoteza alasiri yao. Tungemwambia nini? Tungemwambia amepima mkono, akauacha mchezo.

Hata huo mpira wa miguu tunaousema una kasi, Johan Cruyff alikuwa akisema kwamba mchezaji mmoja anakaa na mpira miguuni wastani wa dakika tatu hivi katika dakika 90, na kwamba kazi yenyewe iko katika dakika zile 87 ambazo hana mpira. Hakuna kocha wa mtaani pale kwetu asiyelijua hilo. Tunamsifu beki anayesoma hatari kabla haijafika. Tunamsifu kiungo anayeziba nafasi wakati mpira uko upande wa pili. Tunalijua jicho hilo, tunalo, tumelelewa nalo. Tukiingia uwanja wa besiboli tunaliacha getini.

Kuna mfano ulio karibu zaidi, nao ndio ulionifungua macho. Agosti 2003, Simba na Zamalek, Cairo. Waliokuwa na umri wa kukumbuka wanakumbuka walikuwa wapi. Mimi nilikuwa nimekaa chini, sikio kwenye redio. Zikaja penati. Juma Kaseja yuko langoni, mpigaji ameweka mpira, amerudi nyuma, amesimama. Hakuna aliyekuwa akikimbia. Mpira ulikuwa umelala pale chini. Ukipima kwa saa ya lile gazeti, hapo hakuna kilichokuwa kikitokea kabisa. Na nchi nzima ilikuwa imeshika pumzi.

Besiboli ni mchezo uliojengwa kwa penati. Katika mechi moja ya ligi kuu kuna mitupo karibu 300, na kila mtupo mmoja ni watu wawili wanatazamana, mmoja ana mpira na mwingine ana rungu, kila mmoja akijaribu kujua mwenzake amewaza nini. Tofauti na penati ni kwamba hawa watakutana tena. Mtupaji wa kwanza akidumu, atakabiliana na mpigaji yule yule mara mbili au tatu siku hiyo hiyo, na kila mara kuna kumbukumbu ya mara iliyopita. Alinirushia wa kasi kifuani, nikakosa. Je, ataurudia? Anajua kwamba ninajua. Mchezo wenyewe uko ndani ya kimya hicho, na mpira ukishatoka mkononi unaleta majibu tu.

Majibu hayo huja haraka. Kutoka alipo mtupaji mpaka kwenye kibao cha mpigaji ni mita 18.44. Mpira wa kasi wa ligi kuu unapita kilomita 150 kwa saa, kwa hiyo unafika kwa takriban nne ya kumi ya sekunde. Toa muda wa kulizungusha rungu lenyewe, mpigaji anabakiwa na kama robo ya sekunde kuamua: ni wa kasi au wa kupinda, uko ndani ya eneo au nje, nipige au niache. Rungu ni la duara, mpira ni wa duara, na huo mpira mshonaji ameupitishia nyuzi mara 108 kwa mkono, na ni mishono hiyo inayokamata hewa na kuupindisha njiani. Mpigaji akifanikiwa mara tatu katika kumi kwa miaka yote ya kazi yake, watu watamtaja kwa heshima mpaka azeeke. Mwaka 1941 Ted Williams wa Boston alifika mara nne katika kumi na zaidi kidogo, .406 kama wanavyoandika, na tangu hapo hakuna aliyefika tena nne kwa msimu mzima katika ligi zile mbili kubwa. Kwa hiyo mtu anaposema "mpigaji kakosa tena, mchezo gani huu", anasema kana kwamba kukosa ni upungufu wa mchezo. Wanakosa kwa sababu ni kazi ngumu kupita kiasi, na uwanjani unapata nafasi ya kuona ugumu huo kwa macho yako.

Sababu moja ya makosa yetu ni televisheni. Wengi wetu tumekutana na besiboli kwenye skrini ya chumba cha kusubiria daktari au ya baa, na kamera ya besiboli imewekwa nyuma ya mtupaji, inaonyesha migongo na nyuso za watu wanne: mtupaji, mpigaji, mdakaji na mwamuzi. Wengine saba wanaolinda hawaonekani mpaka mpira upigwe. Kwa hiyo ndiyo, kwenye skrini watu wamesimama, maana skrini imekata wale wanaotembea.

Panda uwanjani, ukae juu kidogo nyuma ya besi ya kwanza, uone uwanja wote kama mtu anayeangalia bahari akiwa ngomeni. Usimtazame mtupaji. Mtazame mlinzi wa besi ya pili. Kabla ya kila mtupo anasogea, hatua moja kushoto, nusu hatua mbele, kwa sababu anajua mtupo unaokuja ni upi na mpigaji huyu huupeleka wapi. Mlinzi wa katikati kule nyuma anaegemea upande. Mpira ukipigwa mbali kulia na kuna mkimbiaji besi ya kwanza, watu tisa wanaingia kazini kwa pamoja: mmoja anaufuata mpira, mmoja anatoka ndani kwenda kuwa daraja la kuupokea, mmoja anafunika besi ya pili, mdakaji anabaki kulinda nyumbani, na mtupaji mwenyewe anakimbia kwenda nyuma ya besi ya tatu, mahali pasipo na mpira wala mtu, ili ikitokea mtupo ukampita mwenzake awe pale kuuokoa. Mara tisa katika kumi hautampita mtu. Anakimbia tu, kila mara, na hakuna kamera inayomfuata. Siku nilipomwona kwa mara ya kwanza nilisimama kwenye kiti changu.

Aliyenifundisha kutazama hivyo ni mzee mmoja wa hapa hapa Baltimore, dereva wa basi mstaafu, tuliyekaa naye viti vya jirani kwa bahati tu. Alikuwa na karatasi ngumu iliyochorwa visanduku, penseli ndogo iliyochongwa kwa kisu, na miwani inayoshuka puani. Kila mpigaji alipomaliza, mzee aliandika alama. Nikadhani ni mtu wa kubeti. Baadaye akanisogezea. Kila mlinzi ana namba yake: mtupaji 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, yule wa kati ya pili na tatu 6, kisha wale watatu wa nyuma, 7, 8 na 9. Mpira ukipigwa chini kwa namba 6, akampa namba 4, naye akamrushia namba 3, wamewatoa watu wawili kwa pigo moja, unaandika 6-4-3. Mpigaji akikosa straiki tatu unaandika herufi K. Akiwa ameganda, hakupiga kabisa, unaigeuza K nyuma mbele. Namna hii ya kuandika ina mizizi kwa Henry Chadwick, mwandishi mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akiripoti mchezo huu katika karne ya 19, na mzee yule aliandika kwa mwandiko mdogo, safi, kama mwalimu anayejaza daftari la mahudhurio.

"Kijana," aliniambia, "ukiandika, macho hayalali."

Ni kweli. Tangu siku hiyo ninakwenda na penseli. Na kwa sababu ninaandika, ninaweza kumwonyesha mtu kitu ambacho ubao wa matokeo haukukionyesha siku ile niliyokwenda na shemeji.

Zamu ya sita. Timu ya nyumbani inaongoza kwa mkimbio mmoja, wapinzani ndio wanaopiga, watu wawili wametoka, hakuna mtu kwenye besi. Mtupaji wetu amekuwa mzuri siku nzima. Anaingia mpigaji wao wa saba, kijana mwembamba, si mtu wa kutisha. Straiki ya kwanza anaiacha ipite. Ya pili anaipiga, inakwenda nje ya mstari. Sasa ana straiki mbili, na mbele ya straiki mbili kila mpira anaougusa ukaenda nje haumtoi wala haumsaidii, unamwacha hai tu. Mtupaji anamrushia nje ya eneo ili ashawishike. Haupigi. Wa kasi juu: anaugusa, unaruka nyuma ya mdakaji. Wa kupinda chini: anaugusa kwa ncha ya rungu. Tena nje, anauacha. Tena anagusa. Shati la mtupaji limeganda mgongoni kwa jasho, anavua kofia, anapangusa paji la uso kwa mkono wa shati, anaivaa. Tena anagusa, tena. Nje, wa tatu. Mtupo wa kumi na moja unashuka chini ya magoti kwa upana wa vidole viwili, kijana hasogezi rungu, mwamuzi hasemi kitu, huo ni wa nne nje ya eneo, na kijana anatembea polepole kwenda besi ya kwanza bila kupiga. Anayefuata anapiga mpira wa kwanza chini, anatolewa. Zamu imekwisha. Hakuna mkimbio. Ubao umeandika sifuri.

Shemeji akasema, "Umeona? Hamna kitu."

Nikamwonyesha benchi. Mtupaji alikuwa amekaa na taulo kichwani, na kocha amemwekea mkono begani. Mitupo kumi na moja kwa mpigaji mdogo, mwishoni mwa siku yenye joto, ilikuwa imemmaliza. Zamu ya saba hakurudi. Aliingia mtupaji mwingine, na wa pili kukutana naye akaupeleka mpira juu ya ukuta wa kushoto, homurani ya watu wawili, na mechi ikageuka. Gazeti la kesho yake liliandika jina la aliyepiga homurani. Lakini mechi ile iliamuliwa na kijana mwembamba ambaye hakuupata hata mpira mmoja sawasawa, dakika ishirini kabla, wakati nusu ya uwanja ilikuwa kwenye foleni ya soseji. Mtu akiniambia hapo hakuna kilichotokea, ninamwomba anionyeshe karatasi yake.

Sasa wapenzi wenzangu wa kandanda, tuzungumze kuhusu muda, maana ndiyo silaha yenu kubwa. Ninawauliza: ni mara ngapi mmekaa mbele ya mechi ya Ligi Kuu, dakika ya 80, timu inayoongoza inaanza kujiangusha? Kipa anadaka mpira mwepesi na kulala juu yake kama kuku anayeatamia. Beki anashika mguu ambao haukuguswa. Winga anapeleka mpira kwenye kibendera cha kona na kuuwekea mgongo. Mnapiga kelele, mnatukana, kwa sababu mnajua mnaibiwa. Katika besiboli wizi huo hauwezekani. Mchezo hauna dakika ya 90. Una auti 27 kwa kila timu, tatu kwa kila zamu katika zamu tisa, na timu inayoongoza, hata iwe inaongoza kwa mikimbio kumi, hailindi ushindi kwa kujificha. Lazima imrushie adui mpira. Lazima impe nafasi yake, na kumtoa, mpaka auti ya mwisho. Sijui mchezo mwingine mkubwa wa timu unaodai haki hiyo kwa ukali namna hiyo.

Na kwa kuwa hauna saa, unaweza kukataa kwisha. Aprili 1981, katika mji wa Pawtucket jimbo la Rhode Island, timu mbili za ligi ya chini zilianza mechi Jumamosi usiku wa kuamkia Pasaka. Zamu tisa zikaisha sare. Wakaendelea. Baridi ilikuwa kali mpaka wachezaji wakachoma marungu yaliyovunjika ili waote moto. Waliposimamishwa ilikuwa saa kumi alfajiri na dakika chache, baada ya zamu 32, na jukwaani walikuwa wamebaki watazamaji 19. Mechi ilimaliziwa Juni, ikachukua dakika 18, na Pawtucket wakashinda 3-2. Siku ile upande wa wapinzani wao, Rochester, alikuwepo kijana aitwaye Cal Ripken Jr., ambaye baadaye alikuja hapa Baltimore na kucheza mechi 2,632 mfululizo bila kukosa hata moja, rekodi aliyoishika tangu tarehe 6 Septemba 1995 alipompita Lou Gehrig katika uwanja huu huu wa Camden Yards. Wanaosema mchezo huu ni wa watu wavivu wenye vitambi, waisome namba hiyo tena. Msimu una mechi 162 katika muda wa miezi sita, karibu kila siku iendayo kwa Mungu.

Wengine hunijibu kwamba hata Wamarekani wenyewe wamekiri, maana mwaka 2023 waliweka saa ya kumhesabia mtupaji: sekunde 15 besi zikiwa tupu, 20 kukiwa na mkimbiaji. Ni kweli, na wastani wa mechi ukashuka kutoka saa tatu na dakika nne mpaka saa mbili na dakika 40. Mimi nimeifurahia saa hiyo. Kilichoondolewa ni kufungua na kufunga glovu, kuzunguka zunguka, kupiga miayo ya makusudi. Kule kutazamana hakukuguswa. Na mechi za miaka ya 1970 zilikuwa na urefu wa saa mbili na nusu hivi, kwa hiyo mchezo umerudishwa tu karibu na mwendo wake wa zamani, baada ya kuachiwa ujae uzembe. Ninachokichukia ni kingine: zile spika zinazopigwa kati ya mtupo na mtupo kana kwamba wenye uwanja nao wameamini kwamba kimya ni ugonjwa. Hapo ninalalamika pamoja nanyi. Bei ya bia pia siitetei.

Lakini hilo la kula na kuongea, lile mnalolitaja kama aibu, ninalitetea kwa nguvu zangu zote. Mnasema watu wanakwenda kupiga soga. Ndiyo, na sisi watu wa baraza tangu lini tumeona kasoro katika hilo? Camden Yards imejengwa katikati ya mji, imefunguliwa mwaka 1992, na nyuma ya ukuta wa kulia limeachwa ghala refu la matofali la kampuni ya zamani ya reli, lile la B&O. Kati ya ghala na uwanja kuna Mtaa wa Eutaw, na chini, kwenye matofali ya njia, wamepachika vibao vidogo vya shaba kila mahali homurani ilipoangukia. Watoto wanainama kuvisoma. Hapo pana moshi wa nyama ya kuchoma, pana babu na mjukuu wamevaa kofia zenye ndege yule yule wa timu ya hapa, pana wanawake wawili wazee ambao nimewaona viti vile vile kwa miaka minne, wakibishana kuhusu mdakaji. Uwanja huu unaruhusu kuingia na chakula chako, nasi huingia na sambusa na karanga za kukaanga zilizofungwa kwenye mifuko ya plastiki inayoonyesha ndani. Jirani ataomba kuonja. Utamweleza ni nini. Kabla zamu haijaisha mtakuwa mmeulizana mlikotoka na watoto wangapi.

Nimeishi nchi hii miaka mingi, nikienda kazini usiku, nikirudi asubuhi, nikiwafahamu majirani kwa magari yao. Mahali ambapo Mmarekani nisiyemjua amenisogezea kiti, akaniuliza jina la baba yangu, na kungoja jibu, ni uwanjani, na alikuwa na muda wa kungoja kwa sababu mchezo unaacha nafasi. Kwenye kandanda usingeweza. Ukigeuza shingo umekosa bao. Besiboli imepangwa hivi kwamba mazungumzo yanakaa katikati yake na kunyamaza yenyewe mpira unapotaka kutoka. Wale wanawake wawili hawajawahi kukosa mtupo hata mmoja, na hawajawahi kuacha kuongea.

Limebaki lile neno la mwisho, la kwamba mchezo huu hautuhusu. Ni wa wazungu, watu husema. Mwaka 1947, tarehe 15 Aprili, Jackie Robinson alivunja mpaka wa rangi katika ligi kuu, na mpaka leo kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote huvaa jezi yake, namba 42. Kabla yake kulikuwa na ligi za watu weusi, na hapa Baltimore ilikuwepo timu ya Elite Giants, alikopitia Roy Campanella akiwa bado kijana mdogo. Mwaka 2024 takwimu za ligi hizo ziliingizwa rasmi katika vitabu vya ligi kuu, na Josh Gibson, ambaye hakuruhusiwa kucheza humo hata siku moja, akawa juu kabisa ya orodha ya wapigaji wa wakati wote kwa wastani wa .372.

Na kwetu? Mwaka 2011 watoto wa Uganda walifuzu kwenda fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Pennsylvania, wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi wakafika, timu ya kwanza kutoka Afrika kufika pale, na mwaka 2015 Waganda wengine wakawafunga Jamhuri ya Dominika 4-1, nchi ambayo besiboli kwao ni kama kandanda kwetu. Mwaka 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu, na mara yake ya kwanza kushika rungu akapiga na kufika besi. Mwaka 2018 pale Azania Sekondari, Dar es Salaam, ulifunguliwa uwanja wa besiboli kwa msaada wa Wajapani, na watoto wanaucheza mchezo ambao sisi wajomba zao, tunaokaa kwenye mji wenye timu ya ligi kuu, tunasema hauna kitu. Mwaka 2023 Dennis Kasumba, mdakaji kutoka Uganda ambaye dunia ilimwona kwenye video akichuchumaa juu ya tairi kufanya mazoezi, alikuwa Frederick, Maryland, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka ninapoandika. Nilikutana na Waafrika Mashariki wengi mwaka ule ambao hawakujua kwamba yuko hapa.

Shemeji amerudi Tanga. Kabla hajaondoka aliniomba ile karatasi ya siku ile, nikampa, na wiki iliyopita alinipigia kuuliza ile K iliyogeuzwa maana yake nini. Nilimweleza. Akaniuliza tena kuhusu yule kijana wa mitupo kumi na moja, kama bado yuko kwenye timu.

Jumapili ijayo mechi ni saa saba na dakika thelathini na tano mchana. Nina tiketi nne, viti vya juu nyuma ya besi ya kwanza. Shabiki wa Arsenal amekubali kuja, kwa masharti. Sharti langu mimi ni moja: simu zikae mfukoni zamu tatu za kwanza. Penseli nitaleta mimi.